Changizo la Desemba limechoka: tufanyeje watu watoe na wajitolee mwaka mzima?

Swali: Mimi ni ofisa rasilimali watu katika kampuni yenye wafanyakazi 140. Nusu wako ofisini, nusu wanafanya kazi za zamu kwenye mitambo. Kila Desemba tunapitisha bahasha, tunakusanya fedha na nguo, tunatembelea kituo cha watoto siku moja, tunapiga picha, kisha kimya hadi mwaka mwingine. Miaka miwili mfululizo wanaochangia wanapungua, na nimesikia wengine wakinong'ona kwamba tunawakamua. Mkurugenzi anataka utaratibu wa mwaka mzima wa kuchanga na kujitolea. Nianzie wapi? Na ile ya Desemba niifute?

Jibu: Hilo neno "tunawakamua" lichukulie kwa uzito kuliko takwimu zako zote. Watu hawajaacha kuwa na huruma. Wamechoka kuombwa, tena mwezi ambao kila mtu anawaomba: nyumbani, ukweni, kwenye nyumba za ibada. Kituo nacho kinafurika mchele na nguo Desemba, halafu Machi hakina fedha ya kulipa walezi, dawa na umeme.

Kosa la kwanza ambalo kampuni nyingi hufanya zikisikia "mwaka mzima" ni kuizidisha Desemba mara 12. Bahasha inapita Januari, Februari matembezi ya hisani, Machi fulana. Kufika Aprili, ukitokea kwenye korido watu wanageuza njia. Wewe fanya kinyume chake: mtu aombwe mara moja, atoe mara 12. Kuombwa kuwe nadra na kutoa kujiendeshe kwenyewe. Mengine yote nitakayoeleza yametoka hapo.

Fedha zipite kwenye mshahara

Njia inayodumu ni makato ya hiari kila mwezi. Uingereza ina utaratibu wa namna hii kisheria tangu 1987, ambapo mchango unakatwa kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa. Kama nchi yako inatoa nafuu ya kodi kwa michango, mwulize mhasibu ni asasi zipi zinazohesabika na ni stakabadhi gani inatakiwa, kabla hujamwahidi mtu chochote.

Weka kiasi kwa asilimia ya mshahara wa msingi, si wa jumla. Watu wako wa zamu wana saa za ziada zinazopanda na kushuka. Ukikata asilimia ya jumla, kato linabadilika kila mwezi, na mtu akiona limekua bila kuambiwa anakuja kulifuta siku hiyohiyo. Toa chaguo tatu na nafasi tupu: nusu asilimia, asilimia 1, asilimia 2, au kiasi anachotaka mwenyewe. Ili watu wapate picha, waambie hivi: kwa mwezi wa siku 22 za kazi za saa 8, asilimia 1 ni kazi ya saa moja na dakika 45 hivi. Lugha hiyo inaeleweka ofisini na kwenye mitambo, na haimwaibishi mwenye mshahara mdogo.

Fomu iwe ya ukurasa mmoja, na kiini chake kisomeke hivi:

*Naidhinisha kampuni ikate asilimia ___ ya mshahara wangu wa msingi kila mwezi, kuanzia mshahara wa mwezi wa ______. Fedha ziende: (orodha ya asasi, weka alama). Naweza kubadili kiasi au kusitisha wakati wowote kwa kumwandikia mhasibu wa mishahara, bila kutoa sababu.*

Maneno matatu ya mwisho, "bila kutoa sababu", ndiyo yanayowafanya watu wasaini. Mtu anaogopa kujifunga kuliko anavyoogopa kutoa. Saini na tarehe viwepo, kwa sababu katika nchi nyingi kato lisilo la kisheria halikatwi bila idhini ya maandishi. Kumbuka pia kwamba baadhi ya nchi zinaweka kiwango cha mshahara ambacho lazima kibaki mkononi mwa mfanyakazi. Mwenye mikopo mitatu huenda ameshafika ukingoni, kwa hiyo mchango wa hisani uwe wa mwisho kwenye foleni ya makato, na mhasibu aurudishe kimyakimya ukizidi.

Utashauriwa kuandikisha watu wote, kisha asiyetaka ajitoe, kama inavyofanyika kwenye baadhi ya mifuko ya pensheni. Usikubali. Pensheni ni fedha ya mtu mwenyewe, inamrudia. Mchango ni zawadi, na zawadi ambayo mtu aliikuta imeshakatwa ndiyo mwanzo wa minong'ono yako. Fomu isiyorudi maana yake ni hapana, na usiifuatilie.

Upande wa mhasibu kuna mambo machache yanayoharibika mara kwa mara. Kato lipewe namba yake kwenye mfumo wa mishahara na lionekane kwa jina kwenye hati ya mshahara, lisifichwe ndani ya "makato mengine". Pangeni tarehe ya mwisho ya kupokea fomu, tuseme tarehe 10. Ikija tarehe 11 inaingia mwezi unaofuata, na mtu ajulishwe. Fedha ziende kwa asasi kabla ya tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na jumla ya makato ilingane na jumla iliyolipwa hadi senti ya mwisho. La hatari zaidi ni fedha hizo kukaa kwenye akaunti kuu ya kampuni. Mwezi ukiwa mgumu, mtu wa fedha "atazikopa" kwa wiki mbili, siri itatoka, na utaratibu wako utakuwa umekufa. Fungueni akaunti tofauti, au angalau leja tofauti yenye watia saini wawili ambayo mjumbe mmoja wa wafanyakazi anaruhusiwa kuikagua.

Wakati wa kuomba ni upi? Mara mbili zinatosha. Kwanza, mfanyakazi mpya anapothibitishwa kazini baada ya kipindi cha majaribio, fomu iwe miongoni mwa karatasi anazopewa. Pili, barua ya nyongeza ya mshahara. Mtu ni mwepesi kukubali kutoa sehemu ya fedha ambayo hajaanza kuitumia. Mwanauchumi Anna Breman alilipima jambo hili nchini Sweden, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011: wachangiaji wa kila mwezi walioombwa waahidi kuongeza mchango baadaye waliongeza zaidi kuliko walioombwa waongeze papo hapo. Kwa hiyo kwenye barua ya nyongeza andika "kuanzia mwezi nyongeza hii itakapoingia", si "kuanzia mwezi huu".

Kampuni nayo iweke kitu

Mkurugenzi anayetaka wafanyakazi watoe huku kampuni imekaa pembeni ndiye anayeonekana mkamuaji. Utaratibu wa kawaida ni kampuni kuongezea kiasi sawa na alichotoa mfanyakazi. Atakayekuja na wazo la kuongeza mara mbili au mara tatu "ili kuwahamasisha", mwambie fedha hiyo itapotea bure. Wanauchumi Dean Karlan na John List walituma barua kwa wachangiaji wa zamani zaidi ya 50,000 wa asasi moja nchini Marekani, na matokeo yao ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba ahadi ya kuongezewa ilipandisha uwezekano wa mtu kuchangia kwa asilimia 22 na fedha iliyopatikana kwa kila barua kwa asilimia 19. Lakini kuongezewa mara mbili au mara tatu ya mchango hakukuleta chochote zaidi ya kuongezewa kiasi sawa. Fedha inayobaki ipelekwe kwenye muda wa kujitolea.

Bajeti yake haitishi. Ukipanga kwamba robo ya watu, yaani 35 kati ya 140, watajiunga kwa wastani wa asilimia 1, nyongeza ya kampuni ni karibu robo ya asilimia 1 ya mishahara yote. Weka kikomo kwa kila mtu kwa mwaka, kisije kikatokea kigogo mmoja akala bajeti nzima, na kitangaze mapema. Kikomo kinachotangazwa Oktoba baada ya fedha kuisha ni ahadi iliyovunjwa, hata kikiwa na sababu gani.

Nani anajua nani katoa

Hapa ndipo utaratibu mwingi hufia. Anayepaswa kujua majina ni mhasibu wa mishahara peke yake. Mkuu wa idara asijue, mkurugenzi asijue, na wewe ukiweza usijue. Ombi lisitoke kwa mtu anayeandika tathmini ya kazi ya anayeombwa. Bosi akiingia ofisini na kusema "mimi nimeshachanga, ninyi je?", kwa aliyeketi mezani hilo si swali.

Ondoa orodha za majina ukutani, ondoa chati inayoshindanisha idara. Idara ya watu sita ikitangazwa kuwa imefikisha asilimia 83, kila mtu pale anamjua yule mmoja. Takwimu za kundi lenye watu chini ya 10 usizitoe kabisa. Toa za kampuni nzima. Na lengo la "asilimia 100 washiriki" lifute hata kama mkurugenzi analipenda, maana halifikiwi bila kumbana mtu.

Asasi ziwe chache, na zikaguliwe

Tatu hadi tano zinatosha, zenye shughuli tofauti: mathalani watoto, afya, mazingira, wazee. Moja tu inawabagua wasioguswa na jambo hilo. Zikifika ishirini kila moja inapata vijisenti visivyofanya kazi, na mhasibu anachanganyikiwa. Wafanyakazi wapendekeze, kamati ndogo ikague: cheti cha usajili, akaunti ya benki yenye jina la asasi (si la mwanzilishi), watia saini wasiopungua wawili, hesabu za mwaka uliopita, na kutembelewa bila shamrashamra. Akaunti ikiwa na jina la mtu binafsi, achana nayo, hata kama mtu huyo anasifiwa mji mzima. Ziidhinishe kwa miaka miwili, halafu zikaguliwe upya.

Fedha isiyofungwa kwenye kitu ina thamani kubwa kuliko vitu. Waeleze wafanyakazi hivyo waziwazi, kwa sababu wengi wanaona kununua magodoro ndiyo kutoa, na kulipa mshahara wa mlezi ni "kula". Mlezi ndiye anayetandika godoro hilo.

Kujitolea: anza na muda, si na basi la safari

Kinachowazuia watu kujitolea kwa kawaida si moyo, ni saa. Kampuni itoe siku 2 kwa mwaka, yaani saa 16, zenye malipo kamili, zinazoweza kukatwa vipande vya saa 2 au 3. Kwa mwaka wenye takriban siku 240 za kazi, hiyo ni chini ya asilimia 1 ya muda, hata kama kila mtu angetumia zote, na hawatazitumia wote. Kanuni iandikwe: ombi liletwe siku 10 kabla, mkuu wa kazi anaweza kuahirisha mara moja lakini si kukataa, muda usihesabiwe kwenye likizo, usihamie mwaka ujao. Uliza kwa maandishi kama bima ya ajali kazini inamlinda mtu akiwa kwenye shughuli hiyo. Jibu likiwa hapana, kata bima kwanza.

Watu wa zamu wasisahaulike. Mfumo uliobuniwa na watu wa ofisini huishia kuwa wa watu wa ofisini, na wenzao kwenye mitambo wanabaki kusikia habari tu. Mtu wa mtambo hawezi kuondoka saa 8 mchana, akiondoka mtambo unasimama. Kwao muda ukae mwanzoni au mwishoni mwa zamu, msimamizi akipanga watu wawili kwa wiki na si wanane kwa siku moja, na gharama ya anayeshikilia nafasi itoke kwenye bajeti ya kujitolea badala ya bajeti ya karakana. Ikitoka karakana, msimamizi atawazuia kila mara, na atakuwa na haki.

Sasa kazi yenyewe. Kuna ukuta wa kituo unaopakwa rangi kila mwaka na kampuni tofauti, ingawa hauchakai. Wageni 20 wakifika kituo chenye wafanyakazi wanne, wale wanne wanaacha kazi zao siku nzima kuwahudumia. Kabla ya kupanga lolote, iulize asasi: ni kazi gani imelala kwa kukosa watu? Inahitaji watu wangapi, wa ujuzi gani, kwa saa ngapi? Nani wa kwenu atakuwepo, na sisi tulete nini ili tusiwagharimu? Ikijibu "njooni tu", uliza tena; ni adabu ya mwenye kuogopa kumpoteza mfadhili.

Mara nyingi jibu la kweli ni dogo na halipigwi picha. Chukua mfano wa wahasibu wawili kwenda kituoni mara nne ndani ya wiki nane, saa 3 kila safari. Safari ya kwanza wanamwaga boksi la risiti mezani na kuzipanga kwa mwezi, kila mwezi bahasha yake. Ya pili wanafungua daftari la fedha taslimu lenye safu tano: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, salio. Ya tatu anaandika mtu wa kituo, wao wanatazama mikono mfukoni. Ya nne wanakagua kama salio la daftari linalingana na fedha iliyo kwenye sanduku. Baada ya hapo kituo kinaweza kuomba ruzuku kwa hesabu zinazosomeka. Fundi umeme, mtu wa kompyuta, dereva, mwandishi wa barua: kila mmoja ana safari zake nne za namna hiyo.

Kazi za makundi zina nafasi yake pia, kama kupanda miti, kufunga vifurushi au kuchangia damu. Kundi liwe la watu 8 hadi 12 na kiongozi mmoja aliyefika siku moja kabla kuona mahali. Shughuli ikiwa na watoto, kanuni ni ngumu na hazina mjadala: hakuna mgeni kubaki peke yake na mtoto, hakuna picha za sura za watoto mtandaoni, hakuna kubadilishana namba za simu. Na usianzishe "marafiki wa kituo" wanaokwenda mara mbili kisha wanapotea. Mtoto aliyezoeshwa mtu halafu akaachwa ameumizwa. Anayetaka kuwa karibu na watoto aahidi angalau mwaka mmoja, kwa siku ileile ya mwezi; asiyeweza apelekwe kwenye risiti.

Vizawadi vidogo vya fedha kwa wanaojitolea viache. Wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 jaribio la wanafunzi nchini Israel waliokuwa wakichangisha nyumba kwa nyumba: walioahidiwa asilimia 1 ya makusanyo kama malipo walikusanya kidogo kuliko wasiolipwa kitu, na hata walioahidiwa asilimia 10 hawakuwafikia wale wa bure. Ukishaweka bei, watu wanaitazama bei, na bei yako ni ndogo. Nauli na chakula cha mchana ni jambo jingine, hivyo lipa bila kusitasita.

Nani ataendesha, na utajuaje kama inakwenda

Mratibu anahitaji kama saa 4 kwa wiki zilizoandikwa kwenye majukumu yake, si "ukipata nafasi". Kamati ya watu watano, angalau wawili kutoka zamu, kila mmoja akae mwaka mmoja, na wabadilishwe kwa awamu, si wote kwa pamoja, ili kumbukumbu isipotee.

Jumla ya fedha ni kipimo kibovu, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuipandisha. Fuata mambo matatu kila robo mwaka: asilimia ya wafanyakazi walio kwenye makato, wangapi kati ya waliojiunga bado wapo baada ya miezi 12, na saa za kujitolea ukizigawa kati ya ofisi na zamu. Watu wakijitoa kwa wingi mwezi wa tatu au wa nne, mara nyingi ni moja ya haya: kato lilikosewa na halikurekebishwa haraka, au hawajasikia neno tangu wasaini. La pili lina tiba rahisi. Kila baada ya miezi mitatu toa ukurasa mmoja unaosema fedha iliyotoka, ilikokwenda na ilichofanya, pamoja na kilichoshindikana. Pampu ikichelewa, andika imechelewa. Ukurasa huo usiwe na ombi lolote ndani yake, hata mstari mmoja chini kabisa.

Maafa yakitokea mtataka kuchangisha haraka. Sawa, lakini kwa kikomo: si zaidi ya mara mbili kwa mwaka, kwa siku 10, halafu mlango ufungwe. Misiba na harusi za wafanyakazi iacheni kwenye mfuko wake wa kufaana, isichanganywe na huu.

Kwa siku 90 za mwanzo, mwezi wa kwanza maliza fomu, namba ya kato, akaunti na kanuni ya siku 2. Mwezi wa pili kagua asasi tatu na ujaribu na watu 15 hadi 20 waliojitokeza wenyewe, ili makosa ya mhasibu yaonekane kwa watu wachache wenye subira. Mwezi wa tatu fungua kwa wote kwa mikutano ya dakika 15, mmoja kwa kila zamu, ukiongozwa na mfanyakazi mwenzao.

Na Desemba? Usiifute, kuna watu wanaoipenda, tena wengine wao hawatasaini kato hata siku moja. Ondoa bahasha inayopita mezani kwa meza, weka sanduku lililofungwa mahali ambapo hakuna anayesimama kutazama. Tarehe 5 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Itumie kusoma taarifa ya mwaka na kuwashukuru waliojitolea, bila kutaja kiasi cha mtu. Ziara ya kituo iulizeni kwa wenyeji kama wanaitaka. Wakisema wangependa mje Machi, nendeni Machi.